Kalamay ni kitu gani hasa?

Kifuu kilikuja kimefungwa. Nusu mbili za nazi moja zilikutanishwa mdomo kwa mdomo, zimekwanguliwa nyuzi zote hadi zikalainika, na pale zilipokutana pamezungushwa ukanda wa karatasi nyekundu yenye mikunjomikunjo. Mwenzangu wa kazini hapa Muscat alikuwa ametoka likizo kwao Bohol, kisiwa kilicho katikati ya Ufilipino, na hiyo ndiyo zawadi aliyotuletea. Akaikata karatasi kwa ncha ya kisu, akazitenganisha nusu mbili. Ndani mlijaa kitu cha rangi ya kahawia iliyokolea, kizito, kinameremeta mafuta. Nilipochota kwa kijiko kikavutika kama uzi, kikakataa kukatika.

"Kalamay," akasema.

Dada mmoja wa Iloilo, upande wa magharibi wa visiwa hivyo vya katikati, aliyekuwa mezani akashangaa. Kwao kalamay ni sukari, ile ya kahawia isiyosafishwa. Wa tatu, mtu wa Cavite, mkoa ulio jirani na Manila, akasema kalamay anayoijua yeye haikai kifuuni kabisa. Huandaliwa bapa juu ya jani la mgomba, ikakatwa vipande kama sisi tukatavyo mkate wa sinia.

Wote watatu walikuwa wakisema kweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, nikionja na kusoma, na kila nilivyozidi kuuliza ndivyo majina yalivyozidi kuongezeka: biko, suman, sinukmani, tikoy, latik, puto. Ukitafuta maana zake kwa Kiingereza utaambiwa kwamba karibu vyote ni "keki ya mchele". Nadhani hapo ndipo watu wanapopotea. Kiingereza cha kila siku kina neno moja tu, rice, kwa kitu kilicho shambani, guniani na sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na Kitagalogi, lugha ya Manila, nacho kina palay, bigas na kanin, vilevile bila kupungua. Kiporo chetu wao hukiita bahaw. Ukoko wetu wao huuita tutong. Mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, ambao wazee wetu wa pwani waliuita pepeta, wao huuita pinipig. Hata nazi ni hivyo hivyo: dafu ni buko, nazi ni niyog, tui ni gata, chicha ni sapal, kifuu ni bao, na mbuzi ya kukunia ni kudkuran, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia na kukuna kama mama yeyote wa Lamu au Tanga. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili tayari ana maneno ya kuufungua mkanganyiko huu. Tuyatumie.

Jina la jumla la vitamu hivi vyote ni kakanin, neno linalokaa jirani na kanin, yaani wali, na kain, yaani kula. Humo ndani kuna makumi ya vitu, na kila mji unajivunia chake. Lakini ukikutana na kimoja, uliza kwanza swali hili: punje bado ni nzima, au zimesagwa? Wali mtamu wenye punje nzima, uliopikwa kwa tui na sukari kisha ukatandazwa kwenye sinia, ni biko. Watu wa Batangas na Quezon, mikoa ya kusini ya Manila, huuita sinukmani. Huko Pangasinan kitu hichohicho huitwa inkiwar, kutokana na neno la kukoroga. Punje nzima zikifungwa ndani ya jani la mgomba au la mnazi na kuchemshwa, hiyo ni suman. Zikisagwa zikawa unga au uji mzito, kisha zikapikwa kwa tui na sukari huku zikikorogwa mpaka zishikane, umefika kwenye kalamay. Tofauti kati ya biko na kalamay ni kama ya wali wa nazi na kitumbua: mchele uleule, nazi ileile, ila kimoja kimepita kwenye kinu na kingine hakikupita.

Naharakisha kusema kwamba mpaka huu hauheshimiwi kila mahali. Ziko familia zinazoita kalamay kitu chenye punje nzima, na huwezi kumwambia bibi wa mtu kwamba amekosea jina la chakula alichopika miaka sitini. Lakini kama kanuni ya kuanzia, swali la punje litakufikisha mbali.

Sasa mchele wenyewe. Huu si mchele wetu wa kawaida ulioloweshwa sana. Ni aina yake, na Wafilipino wanaitaja kwa sifa yake kuu: kwa Kitagalogi ni malagkit, kutokana na lagkit, kunata, kwa Kisebuano cha Bohol na Cebu ni pilit, neno lenye maana hiyohiyo, kwa Kiilokano cha kaskazini ni diket. Ukiutia kiganjani utautambua kabla ya kuupika. Punje ya mchele wa kawaida hupitisha nuru kidogo, kama kioo chenye ukungu. Punje ya mchele wa kunata ni nyeupe pepe kama chokaa. Jina lake la Kiingereza kwenye pakiti, glutinous rice, hufanana mno na gluteni, ile protini ya ngano, na nimewaona watu wasioweza kula ngano wakiirudisha pakiti rafuni kwa hofu. Mchele huu hauna gluteni hata chembe. Unata kwa sababu ya wanga wake.

Wanga wa nafaka una sehemu mbili. Moja ni amilosi, minyororo mirefu iliyonyooka. Ya pili ni amilopektini, iliyotawanyika matawi kama mti. Mchele mwingi wa punje ndefu una amilosi kati ya asilimia 20 na 30 ya wanga wake. Wa kunata una chini ya asilimia 2, wakati mwingine hauna kabisa. Ukitaka kuliona hili kwa macho, dondoshea tone la iodini, ile ya kusafishia vidonda, kwenye punje iliyopasuliwa. Mchele wa kawaida hugeuka buluu inayokaribia weusi. Wa kunata hubaki na wekundu wa hudhurungi.

Kuna maana gani jikoni? Fikiria kiporo cha jana usiku. Wali ulilala laini, ukaamka mgumu, punje zimeachana, ukiutia mkononi unamwagika. Kilichotokea ni kwamba ile minyororo iliyonyooka, wali ulipopoa, ilijipanga upya bega kwa bega na kukaza, na hiyo ni kazi ya saa chache tu. Amilopektini yenye matawi haipangiki upesi namna hiyo, huchukua siku. Ndiyo maana kalamay inaweza kusafiri kutoka Bohol mpaka Ghuba ndani ya begi na bado ikafika ikivutika. Sukari nyingi iliyomo nayo huyashika maji yasitoke, na mafuta ya nazi hupita katikati na kulainisha. Ndiyo maana pia huwezi kudanganya ukatumia mchele mwingine, hata uwe wa Kyela au pishori ya Mwea. Utapata kitu kizuri kwa saa mbili za kwanza, na kesho yake utakuta tofali. Na usiweke kalamay kwenye friji ukidhani unaihifadhi. Baridi huharakisha kule kukaza. Ikishakaza, ipashe kwa mvuke, italegea tena.

Unato huu ulitokana na badiliko dogo katika jeni moja, yaani kinasaba kimoja, cha mpunga. Mwaka 2002, watafiti wa vinasaba Kenneth Olsen na Michael Purugganan walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba michele ya kunata waliyoichunguza ilikuwa na badiliko lilelile, ishara kwamba lilitokea mara moja, yumkini Kusini-mashariki mwa Asia, kisha likasambazwa na mikono ya wakulima. Hebu tafakari: mtu fulani, maelfu ya miaka iliyopita, aliona chungu kimoja kikinata kuliko vingine, akaona ni jambo jema, akaiweka mbegu ile kando. Laos na kaskazini-mashariki mwa Thailand waliufanya mchele huo kuwa chakula cha kila siku. Ufilipino iliuweka kwa ajili ya utamu, sherehe na wageni.

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo dada wa Iloilo alipotushangaza. Katika Kihiligaynon, lugha ya Iloilo na sehemu kubwa ya Negros, kisiwa cha jirani, kalamay ni sukari yenyewe. Wala si ajabu kuwa hivyo katika sehemu hiyo. Miwa ilikuwepo Ufilipino kabla ya Wahispania, lakini baada ya bandari ya Iloilo kufunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1855, mashamba ya miwa yalienea Negros kwa kasi, na sukari ya kahawia, ndugu wa sukari guru yetu, ikawa maisha ya watu wa huko. Kwingineko jina likakishika kitamu chenyewe. Kwa hiyo ukisoma mapishi ya Kifilipino yanayosema "tia kalamay", angalia kwanza mwandishi ni wa wapi. Huenda anakuambia utie sukari, huenda anakuambia uongeze kitamu kizima.

Neno latik ni la hatari zaidi, na hapa nimeshaharibu chungu mwenyewe. Kwa Mtagalogi, latik hupatikana ukichemsha tui zito mpaka likatike, mafuta yakae peke yake, na mashapo yabadilike rangi kuwa kama ukoko wa maandazi. Chembe hizo zilizokaangika, zenye harufu ya kumtoa mtu chumbani, hunyunyiziwa juu ya biko na kalamay. Kwa mtu wa Visayas, yaani visiwa vya katikati kama Bohol na Cebu, latik ni tui zito lililochemshwa pamoja na sukari mpaka likawa kama asali, na halitakiwi kukatika hata kidogo. Neno moja: upande huu unatafuta tui likatike, upande ule unalinda lisikatike. Mimi nilifuata mapishi ya mtu wa Cebu nikiwa na picha ya latik ya Manila kichwani, nikabaki nimeduwaa mbele ya sufuria, nikiusubiri ukoko usiokuja, mpaka sukari ikaungua.

Na puto? Manila ni mkate mweupe laini wa mvuke, uliochachuka, wa mchele wa kawaida. Mtu wa Zanzibar akiuona atakumbuka vitumbua. Lakini Cebu kuna puto maya, ambayo ni mchele wa kunata wa punje nzima, wenye tui na tangawizi, unaoliwa asubuhi na kinywaji kizito cha kakao na embe bivu. Tena kuna puto bumbong, ya rangi ya zambarau, inayopikwa kwa mvuke ndani ya vijiti vya mianzi na kuuzwa nje ya makanisa alfajiri, katika zile misa tisa za kuanzia tarehe 16 Desemba kuelekea Krismasi. Sitaendelea na orodha hiyo, haina mwisho.

Tikoy ndiyo rahisi kuitenga. Ni ya Wachina wa Hokkien, huliwa Mwaka Mpya wa Kichina, na haina tui. Ukionja kitu kinachonata ila husikii nazi, huyo ni mgeni aliyezoea nyumba.

Nimesema kalamay ya Bohol ndiyo iliyonifungua macho, basi nieleze inavyotengenezwa, maana kazi yake inastahili kuelezwa polepole. Mji unaosifika ni Jagna, bandari ya feri katika pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa, kilomita 63 hivi kutoka Tagbilaran. Na mji wa Alburquerque nao una sifa yake. Mchele wa pilit hulowekwa usiku kucha, kisha husagwa ungali na maji. Uji mzito unaotoka huitwa galapong, na mtu yeyote aliyewahi kusaga mchele wa vitumbua anaujua kwa mkono: mwororo, mweupe, unaoteleza. Tui hukamuliwa, likachemshwa na sukari ya kahawia kwenye kawa, karai kubwa la chuma ambalo mtu anaweza kulipikia akiwa amesimama tu, hawezi kukaa. Kisha galapong huingia, na mwiko mrefu wa mti huanza safari.

Kiswahili kina maneno mawili hapa ambayo siwezi kuyapata kwingine. Mwanzo wanakoroga, mwisho wanasonga. Kukoroga ni kwa kitu kinachokimbia, na mtoto anaweza kuachiwa mwiko. Lakini wanga wa mchele ukishapata joto la kuanzia nyuzi 60 hivi, chembechembe zake hunywa maji, huvimba na kupasuka, na karai zima hukaza ghafla. Hapo ndipo kusonga kunapoanza, kwa mabega, kwa kiuno, kwa zamu. Ukipumzika dakika mbili, chini kunaungua na ladha ya moshi inapanda juu. Karai zima limekwenda. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa. Waliowahi kuona halua ikipikwa Unguja au hapa Oman, wanaume wawili wakipokezana mwiko, jasho likiwatiririka, wamekwisha kuiona kalamay: huku ni wanga, samli na iliki, kule ni mchele, tui na sukari guru. Hata dalili ya kuiva ni moja. Mafuta yanaanza kutoka yenyewe pembeni, na kitu kizima kinaachana na karai, kinazunguka na mwiko kama donge moja.

Sasa kinaingia kifuu. Kwa Kivisaya huitwa hungot au paya, na kazi ya kukikwangua kikawa laini ni kazi kweli. Kalamay hushindiliwa humo ikiwa ya moto, nusu zikafunikwa, na ule ukanda wa karatasi nyekundu, papel de japon kwa jina lake, ukazungushwa. Mara ya kwanza nilidhani ni pambo la watalii. Sivyo. Unato ule ungeshikana na karatasi ya kawaida, ungevuja kwenye jani. Kifuu hakipitishi mafuta, hakivunjiki begini, na hakigharimu kitu kwenye kisiwa cha minazi. Ni chombo kilichofikiriwa.

Candon, huko Ilocos Sur kaskazini, wana kalamay yao, na Indang ya Cavite wana yao. Hizo ndizo mwenzetu wa tatu alizozijua mezani, bapa, za kukatwa. Ukienda kusini, kwa Waislamu wa Mindanao, utakikuta kitu cha jamii hiyohiyo kikiitwa dodol. Na dodol ni jina la Malesia na Indonesia yote, tena linavuka mpaka Sri Lanka na Goa. Unga wa mchele, tui, sukari ya kahawia, mwiko na saa nyingi: huo ni urithi wa bahari nzima, na Ufilipino ni chumba kimoja cha nyumba hiyo.

Nyumba hiyo ina mlango upande wetu. Kimalagasi kinatoka katika ukoo mmoja na Kitagalogi na Kisebuano. Watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ndio waliokipeleka Bukini, yaani Madagaska. Kwa Kimalagasi nazi ni voanio. Voa ni tunda, na nio ndiyo ile niyog ya Manila. Mwaka 2011 Kenneth Olsen, yuleyule wa mchele wa kunata, pamoja na Bee Gunn na Luc Baudouin, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi duniani. Walikuta makundi mawili makubwa, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na minazi ya Bukini na Komoro ikiwa na mchanganyiko wa yote mawili, jambo linaloafikiana na safari za mabaharia hao. Na wauzaji wa barabarani Bukini hadi leo wanauza koba, kitamu cha unga wa mchele, karanga na ndizi, kilichofungwa kwa jani la mgomba na kupikwa muda mrefu. Mfilipino akikiona atadhani ni suman ya mkoa asioufahamu.

Tuna na ushahidi wa maandishi kuhusu umri wa mambo haya. Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na Magellan, nahodha wa safari ya Wahispania, alipofika Visayas mwaka 1521 aliandika orodha ya maneno ya wenyeji. Humo ameandika tinapai, na akaeleza kuwa ni vyakula fulani vya mchele. Leo tinapay ni mkate wa ngano. Neno la mchele lilihamia kwenye ngano baada ya Wahispania kuja. Sisi neno mkate linabeba vyote bila kulalamika: mkate wa ngano, mkate wa kumimina wa mchele na tui, mkate wa ufuta. Sidhani kuna lugha nyingi ambazo msomaji wake angeielewa tinapai ya Pigafetta mara moja, bila maelezo.

Kwa anayetaka kujaribu: mchele wa kunata na unga wake vinapatikana kwenye maduka ya Kifilipino na ya Kiasia, na hapa Ghuba, walipo Wafilipino wengi, huhangaiki. Chukua vikombe 2 vya unga huo, vikombe 4 vya tui zito, na vikombe 2 vya sukari ya kahawia au sukari guru iliyopondwa. Yeyusha sukari kwenye nusu ya tui na uchuje, maana sukari guru huwa na vijiti na mchanga. Changanya unga kwenye nusu iliyobaki ya tui, ikiwa imepoa, usiache madonge. Unganisha, tia chumvi kidogo, moto mdogo, na usiondoke. Kipimo cha nyumbani hakitakula saa nyingi kama karai la Jagna, lakini usikiepue kwa sababu tu kimekaza. Subiri mafuta.

Na ukibahatika kuletewa kifuu, pakaza kisu mafuta ya nazi kabla ya kukata. Kata ukingoni kwanza, palipokauka kidogo, ndipo penye ladha nzito zaidi. Kitakachobaki, zikutanishe tena nusu mbili, ukiweke kabatini. Mwenzangu wa Bohol hukifunga kwa ukanda uleule mwekundu, akaupiga pasi kwa kidole gumba, kila siku, mpaka kiishe.